Ngurumo ya jioni, ngurumo ya alfajiri na kisulisuli cha ziwani: ipi ikuahirishie safari?

Anayesafiri kwa maji kutoka Mwanza ana maswali mawili tu ya hali ya hewa yenye maana: saa ngapi, na upande gani. Mengine yote, zikiwemo zile video za mkonga wa wingu unaoning'inia juu ya ziwa, ni mazungumzo ya kijiweni. Kila vuli ikianza video hizo huzunguka upya kwenye makundi ya WhatsApp, watu wanaapa kwamba hawakanyagi boti tena, halafu wiki haijaisha mtu huyohuyo anapanda mtumbwi wa usiku kwenda kisiwani bila kumuuliza yeyote lolote. Amemkimbia paka, akaenda kulala na chui.

Kwa hiyo naziweka tatu ubavu kwa ubavu: radi inayozaliwa nchi kavu mchana, radi inayozaliwa juu ya ziwa usiku, na kisulisuli, yaani huo mkonga wa upepo unaozunguka. Hazina uzito sawa na sitajifanya zinao. Ya pili ndiyo inayoua ziwani, na ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya maelezo haya.

Kinachozitengeneza zote

Wingu la radi linahitaji unyevu mwingi chini, hewa yenye ubaridi wa kutosha juu, na kitu cha kuisukuma hewa ya chini ianze kupanda. Kanda ya Ziwa haijawahi kulia njaa ya unyevu. Ziwa Victoria lina takriban kilomita za mraba 68,800, liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu hukaa kwenye nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi karibu mwaka mzima. Jua la ikweta linayavukiza kila siku.

Hewa hiyo yenye mvuke ikisukumwa juu inatanuka na kupoa. Mvuke unageuka matone, na katika kugeuka huko unatoa joto ulilolibeba tangu ulipotoka ziwani. Joto hilo linaifanya hewa ya ndani ya wingu iwe nyepesi kuliko ya jirani yake, inazidi kupanda, mvuke mwingine unageuka matone, joto jingine linatoka. Mchezo unajiendesha wenyewe. Ndiyo maana kiwingu cheupe cha saa 7 mchana kinaweza kuwa na kimo cha kilomita 15 ifikapo saa 9, kichwa chake kimepigwa bapa kwa kuwa kimegonga tabaka la anga ambalo hewa haiwezi tena kulipenya.

Umeme unaanzia kwenye barafu. Katika anga yetu maji huanza kuganda kwenye kimo cha kilomita 5 hivi. Huko ndani ya wingu chembe ndogo za barafu zinapanda na upepo, vipande vizito vinaanguka, vinagongana njiani na kuachiana chaji za umeme. Chembe nyepesi huishia juu na chaji chanya, nzito hubaki katikati na chini na chaji hasi. Tofauti ikizidi uwezo wa hewa kuizuia, chaji inaruka, na njia inayopita inapashwa hadi nyuzi 30,000 hivi, mara kadhaa ya joto la uso wa jua. Hewa inatanuka ghafla mno hadi inapasuka, na huo mpasuko ndio ngurumo. Sauti inatembea kilomita moja kwa sekunde 3, kwa hiyo ukihesabu sekunde toka mwako hadi mlio ukagawa kwa 3, umepata kilomita zilizobaki kati yako na radi.

Wingu moja la aina hii halikai sana. Linakua, linafika ukomavu pale mvua inapoanza kushuka, kisha mvua hiyohiyo inalikata pumzi kwa kupoza hewa iliyokuwa inalilisha. Nusu saa hadi saa moja, limekwisha. Shida ni kwamba mara chache huja peke yake.

Hadi hapo radi ya mchana na ya usiku ni ndugu wa damu. Kinachowatofautisha ni nani anayesukuma.

Ya mchana: nchi kavu

Jua linapiga ardhi na maji kwa pamoja, ila ardhi inawahi kupata joto na maji yanachelewa. Ikifika saa 6 mchana mashamba ya Misungwi, Kwimba na Magu yameshayazidi joto maji ya ghuba. Hewa ya nchi kavu inapanda, ya ziwani inakuja kuchukua nafasi. Huo ndio upepo unaokupiga usoni pale kivukoni Kamanga, Mwanza, alasiri, unaopeperusha miamvuli ya wauza matunda. Ukingo wake wa mbele unaingia bara, unaisukuma juu hewa iliyokuwa na joto, na mawingu yanajipanga huko, kilomita kadhaa kutoka ufukweni.

Juu ya ziwa lenyewe muda huo hewa inashuka, na hewa inayoshuka haitengenezi wingu. Ukipata picha ya setilaiti ya saa 10 jioni siku ya vuli utaona ziwa limebaki wazi katikati, mawingu yamelizunguka pande zote Tanzania, Uganda na Kenya. Picha hiyo moja ina faida kwa msafiri kuliko utabiri wa simu unaosema “mvua asilimia 60” kwa mji mzima.

Kwa aliye majini, basi, radi ya mchana ni nafuu. Kwa aliye nchi kavu ndiyo yenyewe. Kuanzia saa 8 mchana hadi saa 2 usiku ndiyo zamu yake, saa ambazo watoto wanatoka shule, boda ziko barabarani na masoko yamejaa. Januari 2025 radi iliua wanafunzi 7 wa sekondari wilayani Bukombe, mkoani Geita, wakiwa shuleni. Mjini Mwanza kuna na la ziada: mvua ikipiga kwenye milima ya mawe, maji hayana udongo wa kuyanywa, yanashuka yote kwa mkupuo, na Mto Mirongo unafura kabla hata radi haijanyamaza. Aliyewahi kusubiri kuvuka maeneo ya Mabatini anajua kwamba maji yanaweza kukufunga njia na jua limeshatoka.

Kanuni za nchi kavu ni fupi. Ukihesabu sekunde 30 au pungufu kati ya mwako na ngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10 na inaweza kukufikia, ingia ndani. Ndani maana yake ni nyumba yenye kuta au gari lililofungwa vioo. Kibanda cha nguzo nne na bati juu hakihesabiwi, na mwembe ndio mbaya kabisa. Kaa mbali na waya za umeme na mabomba. Baada ya ngurumo ya mwisho subiri nusu saa ndipo utoke.

Najua Usukumani ukilitaja hili lazima mtu aseme kuna radi ya kutumwa, na mwingine afunike kioo au avue shati jekundu. Kioo na shati havina habari na chaji ya wingu. Kuhusu ya kutumwa, nitasema tu kwamba radi inayosemwa imetumwa huwa imepiga mti mrefu, mtu aliye uwanjani, au ng'ombe waliosimama chini ya mti pamoja, yaani palepale ambapo isiyotumwa ingepiga.

Ya usiku: ziwani

Jua likizama mambo yanapinduka. Ardhi inapoa haraka, maji yanabaki na nyuzi zake 24 au 25. Sasa hewa nyepesi iko juu ya ziwa, na hewa iliyopoa inateremka kutoka nchi kavu kwenda majini. Inateremka kutoka pande zote: toka Musoma, toka Ukerewe na Mwanza, toka Bukoba, toka Entebbe, na kwa nguvu zaidi toka mashariki, ambako milima ya Kenya inaiongezea mteremko. Mikondo hiyo inakutana katikati ya ziwa. Haina pa kwenda ila juu, na imekutana juu ya maji ya moto yanayotoa mvuke usiku kucha. Ziwa lenyewe ndilo linakuwa jiko. Kuanzia usiku wa manane mawingu yanakomaa, na alfajiri hadi saa 3 asubuhi hivi ndiyo saa ya kilele. Picha ya setilaiti ya saa 11 alfajiri ni kinyume kabisa cha ile ya jioni: nchi kavu iko wazi, ziwa limefunikwa.

Si tabia ya ziwa letu tu. Ziwa Maracaibo la Venezuela, linaloongoza duniani kwa idadi ya radi kwa kila kilomita ya mraba, nalo lina maji ya moto, limezungukwa na milima, na radi zake ni za usiku. Ziwa Victoria lipo katika kundi hilohilo la maziwa yanayojitengenezea dhoruba.

Upande una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Upepo wa jumla wa kanda hii hutoka zaidi mashariki, kwa hiyo dhoruba zikishazaliwa katikati ya ziwa husogea magharibi. Bukoba inapata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na Mwanza kama nusu ya hizo, ingawa ziwa ni lilelile. Aliyelala Bukoba anaamshwa na mvua ya alfajiri mara nyingi kuliko aliyelala Nyegezi.

Kwa nini hii ndiyo ya kuogopa? Radi yenyewe si kali kuliko ya mchana kwa lazima. Ila inamkuta mtu mbali na nchi kavu, gizani, ndani ya mtumbwi, na ndiye kitu kirefu kuliko vyote kwa kilomita nyingi. Makadirio yanayonukuliwa sana ni ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa kwa mwaka katika ziwa hili, nchi zote tatu kwa pamoja. Mimi huichukua idadi hiyo kwa tahadhari, maana vifo vingi vya mitumbwi haviandikwi popote, lakini hata ukiikata mara kadhaa bado inatisha. Ndicho kilichofanya Shirika la Hali ya Hewa Duniani lianzishe mwaka 2017 mradi wa HIGHWAY wa tahadhari za mapema kwa ziwa hili, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) ikiwa mmoja wa washirika. TMA ina rada yake Mwanza, na utabiri wa ziwa hutolewa peke yake, mbali na ule wa mikoa. Ukisikiliza redio, subiri huo.

Kuna jambo moja ambalo watafiti wakiongozwa na Wim Thiery wa Ubelgiji walilionyesha kwa data za setilaiti, na linamfaa hata asiye na simu ya maana. Mchana wa dhoruba kali nchi kavu huongeza uwezekano wa usiku wa dhoruba kali ziwani. Mvua ya jioni inapoza ardhi na kuacha hewa nzito ya baridi, upepo wa kwenda ziwani unapata nguvu, na unyevu upo wa kutosha. Kwa hiyo ule usemi wa “mvua imeshanyesha, imejimaliza” ni wa nchi kavu. Majini maana yake iko njiani. Timu hiyohiyo ilichapisha mwaka 2016 kwamba joto la dunia likiendelea hivi, dhoruba kubwa za usiku ziwani zitaongezeka nguvu kwa kasi kuliko za nchi kavu zinazolizunguka.

Kinachopindua mtumbwi

Watu husema “radi imezamisha mtumbwi”. Mara nyingi aliyezamisha ni upepo unaoshuka.

Mvua na barafu vikianguka ndani ya wingu huburuta hewa. Sehemu ya matone inavukia njiani, na kuvukia kunanyonya joto, hewa inakuwa ya baridi na nzito, inaporomoka. Ikigonga maji inatawanyika pande zote kwa kasi ya kilomita 60, 80, wakati mwingine zaidi ya 100 kwa saa. Aliyeupa mporomoko huu jina na kuuchora ni Tetsuya Fujita, Mjapani wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye miaka ya 1970 alichunguza ajali za ndege na mashamba yaliyolazwa akaona mimea imelala kutoka kitovu kimoja kwenda nje, wakati kisulisuli kingeilaza kwa kuzungusha. Ni mtu huyohuyo aliyetoa mwaka 1971 kipimo cha nguvu za visulisuli kinachobeba jina lake.

Majini mambo huenda hivi. Hewa imetulia, joto la kunata, fulana imegandana na mgongo. Umeme unacheza upande mmoja, bado kimya. Kisha upepo mdogo uliokuwepo unakufa kabisa. Dakika chache za ukimya, taa za mitumbwi mingine zinaonekana wima juu ya maji bila kutikisika. Halafu inakuja pumzi ya baridi, baridi hasa, na harufu ya mvua. Nyuma yake, umeme ukimulika, kuna mstari mweupe juu ya maji unaosogea: ni upepo unakwangua vichwa vya mawimbi. Kutoka pumzi ya kwanza hadi mstari kufika ni dakika chache, na wimbi la ziwa hili ni fupi na wima, halikupi nafasi ya kupumua kati ya moja na la pili. Mtumbwi unaopokea ubavuni unajaa.

Kwa hiyo alama ya kufanyia kazi ni ubaridi. Mvua ikianza umeshachelewa. Ukiusikia ubaridi, jaketi la kuokolea livaliwe (siyo likaliwe), mzigo ushushwe chini na katikati, mbele ya mtumbwi igeuzwe kuelekea upepo na injini iendelee kunguruma taratibu. Kukimbiza mtumbwi kwenda nchi kavu huku upepo ukiupiga ubavuni ndiko kunakopindua wengi. Mlingoti ushushwe, ndoano za chuma ziachwe, watu wakae chini.

Kisulisuli: kikubwa cha nchi za watu, kidogo cha ziwani

Kisulisuli kikubwa cha nchi kavu, kile cha video za Marekani, kinadai kitu ambacho sisi tunacho kidogo: upepo wa juu kutofautiana sana na wa chini, kwa kasi na kwa mwelekeo. Tofauti hiyo inaifanya hewa izunguke ikiwa imelala, wingu la radi linaiinua na kuisimamisha, na wingu zima linaanza kuzunguka. Mzunguko ukibanwa kuwa mwembamba kasi yake inapanda, na ukigusa ardhi ndipo madhara. Marekani hupata zaidi ya 1,000 kwa mwaka, kwa sababu kwenye tambarare zake hewa yenye unyevu ya Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu ya magharibi huku mkondo mkali wa upepo ukipita juu. Vya daraja la juu kabisa vina upepo unaozidi kilomita 320 kwa saa. Kilichoua watu wengi zaidi katika rekodi kilipiga Bangladesh tarehe 26 Aprili 1989, watu 1,300 hivi. Afrika Kusini nayo inavipata. Juni 2024 kimoja kilipita Tongaat, karibu na Durban.

Mwanza iko nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Upepo wa juu huku kwa kawaida ni mpole, hautofautiani kiasi hicho na wa chini, na mawingu yetu ya radi hupanda wima, yanamwaga, yanakufa. Sisemi haiwezekani. Nasema si kitu cha kumfanya mtu apange maisha yake. Wala tusichanganye na kimbunga cha bahari, kama Hidaya cha Mei 2024: hicho kinahitaji bahari pana na umbali fulani kutoka ikweta ili mzunguko wa dunia ukizungushe. Ziwa letu limekosa vyote viwili.

Tulicho nacho ni kisulisuli cha majini, na hiki kinazaliwa kwa njia nyingine. Pale mikondo miwili ya upepo inapokutana juu ya maji, vijizunguko vidogo hujitokeza kwenye mpaka wake. Wingu linalokua likipita juu ya kimojawapo, hewa inayopanda inakivuta juu, kinarefuka, kinakuwa chembamba, kinaongeza kasi. Halihitaji hata kuwa wingu la radi. Watafiti waliovichungulia kutoka kwenye ndege huko Florida miaka ya 1970 waliona vinaanza na doa jeusi tu juu ya maji, kisha mistari ya mzunguko inalizunguka doa, kisha pete ya maji yanayorushwa, ndipo mkonga kamili, na mwisho unakatika. Safari yote mara nyingi ni dakika 5 hadi 20, na upepo wake kwa kawaida hauzidi kilomita 80 hivi kwa saa.

Mkonga unaouona si maji yanayonyonywa kwenda mbinguni. Ni wingu: kanieneo (mgandamizo wa hewa) ya ndani imeshuka, hewa imepoa, mvuke umeonekana. Maji yanayorushwa yako chini tu, mita chache.

Na si kila nguzo nyeusi ziwani ni kisulisuli. Wadudu wa ziwani wanapotoka majini kwa mamilioni huruka kwa makundi marefu yanayosimama wima, na ukiwa mbali utaapa kuna moshi au mkonga. Tofauti ni rahisi. Nguzo ya wadudu haiungani na wingu, haina pete ya maji chini, kingo zake zinatawanyika, na ikikufikia inaingia puani. Nina hakika nusu ya “visulisuli” vya kwenye simu ni wadudu.

Kikiwa cha kweli, kinaweza kupindua mtumbwi, kwa hiyo usikisogelee kwa ajili ya video. Ila faida yake ni kwamba kinaonekana, ni chembamba, na kinakwepeka: angalia kinaelekea wapi, kisha ondoka kwa kukata njia yake kwa pembe mraba. Ukiona hakisogei kulia wala kushoto na kinazidi kunenepa, kinakujia wewe. Upepo unaoshuka huwezi kuukwepa hivyo; una upana wa kilomita.

Sasa uchague nini

Anayekwenda Ukerewe akiniuliza asubuhi au mchana, namjibu kwa kuuliza chombo gani. Kwa meli au kivuko kikubwa, yoyote, na ukiambiwa kinasubiri dhoruba ya alfajiri iishe, mshukuru nahodha badala ya kumfokea. Kwa boti ndogo, dirisha zuri ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri: dhoruba za usiku zimeshachoka, za mchana ziko bara. Alasiri upepo wa ziwani huleta mawimbi ya kuchosha tumbo, lakini hayo ni ya kutapika tu. Baada ya jua kuzama kwa boti ndogo, hapana, na hasa kama Mwanza au Magu kumenyesha sana jioni hiyo. Asiyetaka maji marefu ana njia ya Bunda hadi Kisorya, kisha kivuko kifupi kwenda Rugezi. Wa Sengerema na Geita tangu Juni 2025 wana daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi, na suala limeisha.

Wa Bukoba ana mtihani zaidi. Meli ya usiku inavuka ziwa katika saa zilezile za dhoruba, ikielekea upande uleule zinakokwenda. Bado meli si mtumbwi, na mimi ningeipanda, kwa sharti la kuangalia imebeba kiasi gani. Meli zilizoua wengi upande wetu, MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere ya tarehe 20 Septemba 2018 iliyoua watu 228 karibu na kisiwa cha Ukara, hazikuzamishwa na radi, zilikuwa zimezidishwa. Gati likiwa limefurika na bado wanapakia, hilo ni wingu baya kuliko la angani. Kwa ndege, ningechagua inayofika Bukoba adhuhuri kuliko ya asubuhi, kwa kuwa mvua ya alfajiri ya ziwa huchelewa kuondoka ufukwe ule. Ndege iliyoanguka majini pale tarehe 6 Novemba 2022, ikaua watu 19, ilikuwa inatua asubuhi katika hali mbaya ya hewa.

Anayebaki ni mvuvi wa dagaa, na huyu hachagui saa. Dagaa hufuata taa, taa inafanya kazi gizani, na siku za mbalamwezi anakaa kambini. Kumwambia asitoke usiku ni kumwambia asile. Anachoweza kuchagua ni usiku upi ndani ya giza lile. TMA ikitoa angalizo au tahadhari ya ziwa, au nchi kavu ikiwa imepigwa na mvua kubwa jioni, huo ndio usiku wa kushona nyavu, au wa kutega karibu na kisiwa ambako mtu anaweza kufika ndani ya robo saa. Usiku mwingine atoke, ila mmoja kwenye mtumbwi awe na kazi moja ya kuangalia umeme. Umeme wa magharibi mara nyingi unakwenda zake. Wa mashariki ndio wa kuhesabia sekunde, na zikipungua toka hesabu moja hadi nyingine, nyavu zivutwe hata kama dagaa ndiyo kwanza wanaanza kujaa.